Miji Mikuu Iliyojengwa Mipakani



Katika kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale msitu wa Nyungwe unapokoma na milima kuanza kuteremka kuelekea Burundi, ipo kata iitwayo Bweyeye. Leo kata hiyo imo katika Wilaya ya Rusizi. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Mkoa wa Cyangugu. Upande mmoja wa Bweyeye ni msitu mnene, upande wa pili ni mpaka, na chini ya mabonde unapita mto Ruhwa unaozigawa nchi mbili. Mtu akichukua ramani na kuchora mstari ulionyooka kutoka Bweyeye, atagundua jambo la kustaajabisha: Bujumbura, mji uliokuwa makao makuu ya Burundi kwa zaidi ya nusu karne, uko karibu na Bweyeye kuliko Kigali. Mwananchi wa hapo amezaliwa Rwanda, bendera yake ni ya Rwanda, lakini kwa hesabu ya kilomita amekulia chini ya kivuli cha mji mkuu wa nchi jirani.

Hilo si jambo la ramani tu. Serikali inapoweka makao yake karibu na mpaka, mpaka wote hubadilika tabia. Njia ndogo ya msituni huwa njia ya kuendea Ikulu. Kivuko cha mkulima mwenye mzigo wa ndizi huwa kivuko kinachotazamwa kwa darubini. Na askari mmoja aliyesimama darajani, ambaye pengine kwao hakuna anayejua jina la daraja hilo, huwa anailinda serikali nzima. Kwa sababu hiyo inafaa walinzi wa nchi waelewe jinsi miji mikuu mingi ya Afrika ilivyopata kujengwa ukingoni mwa nchi badala ya katikati, na ni mafunzo gani yamepatikana kwa gharama ya damu.

Kabla ya kuja kwa wakoloni, watawala wa sehemu hizi hawakukaa ukingoni. Mwami wa Rwanda na Mwami wa Burundi walikuwa na makao yaliyohamahama, lakini yalihamahama katika nyanda za juu, ndani ya nchi, penye ng'ombe na watu. Mpaka haukuwa mstari, ulikuwa eneo. Palikuwa na msitu, palikuwa na bonde la joto na homa, palikuwa na watu waliolipa kodi huku na huku. Mtawala aliyekuwa na busara aliweka nyumba yake mbali na eneo hilo, akaweka majeshi yake kati ya nyumba na hatari. Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi alijihifadhi katika milima yake, akawakatalia Wajerumani kwa miaka mingi mpaka mwaka 1903 alipolazimishwa kukubali masharti yao.

Wakoloni walikuja na fikira ya kinyume. Wao hawakuitazama nchi kutoka katikati; waliitazama kutoka nje, kutoka majini, kutoka kwenye njia iliyowaleta. Mwaka 1896 maofisa wa Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, walipiga kambi Shangi, kando ya Ziwa Kivu, katika eneo lililokuja kuwa la Cyangugu. Jeshi la Rwanda likawashambulia, lakini mikuki na mishale haikuweza kushinda bunduki. Wajerumani, waliokuwa wakidai kwamba nchi hiyo ni yao kwa mujibu wa mapatano ya Ulaya, waliona hatari ya kunyang'anywa. Katika miaka hiyo ya mwisho ya karne ya 19 wakajenga kituo cha kijeshi katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, karibu na mdomo wa mto Rusizi. Kituo hicho kiliitwa Usumbura.

Basi Usumbura haukuzaliwa kuwa mji. Ulizaliwa kuwa lindo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutazama mto Rusizi na kumzuia mkoloni wa ng'ambo asivuke. Kutoka hapo maofisa wa Kijerumani walisimamia Ruanda na Urundi kwa pamoja, na lugha ya amri na ya soko ikawa Kiswahili, lugha ya askari na ya misafara. Mgogoro wa Kivu kati ya Wajerumani na watu wa Leopold uliendelea kwa zaidi ya miaka 10, mpaka yalipofikiwa mapatano ya Brussels ya mwaka 1910, ambayo yaliupitisha mpaka katika mto Rusizi na katikati ya maji ya Ziwa Kivu. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeitwa kwenye meza ile.

Hapa pana jambo la kukumbukwa na kila mwanafunzi wa mambo ya ulinzi. Mara mpaka ulipokwisha kuwekwa, Wajerumani wenyewe waliona kwamba lindo si mahali pazuri pa kuweka makao ya serikali. Tayari mwaka 1907 Richard Kandt alikuwa amewekwa kuwa Mkazi wa Ruanda, naye akachagua Kigali, katikati ya nchi. Upande wa Urundi, mwaka 1912 makao ya Mkazi yalihamishwa kutoka Usumbura hadi Gitega, huko milimani. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuiacha Usumbura na kupanda Gitega ulikwisha kufanywa mara moja kabla wazee wengi wa leo hawajazaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jinsi ukingo ulivyo dhaifu. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walivuka maji na kukiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Miezi 20 baadaye mambo yaligeuka. Majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika wa Kongo, yalivuka kutoka magharibi, na mwezi Juni 1916 Usumbura ikaanguka. Mji uliojengwa ili kumzuia adui mtoni ulichukuliwa katika siku chache, kwa kuwa nyuma ya mto hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma na kujipanga upya.

Wabelgiji, walipokabidhiwa Ruanda-Urundi kuwa nchi ya udhamini, walirudi kulekule Usumbura. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Wao walikuwa na Kongo upande wa pili wa mto, na kuanzia mwaka 1925 waliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo ya Kibelgiji katika utawala. Kwa mtawala mwenye pande zote mbili za mto, mto si mpaka. Ni uchochoro ndani ya nyumba yake. Isitoshe, Usumbura ilikuwa bandari. Mizigo ilipakiwa melini hadi Kigoma, na kutoka Kigoma reli iliyokamilika mwaka 1914 iliifikisha Dar es Salaam. Kahawa ya milimani ilishuka Usumbura, vitambaa na mabati yakapanda kutoka Usumbura. Ofisi ikafuata bandari, mahakama ikafuata ofisi, na kambi ikafuata mahakama. Tarehe 1 Julai 1962, Rwanda na Burundi zilipojitawala kama nchi mbili, Burundi ikarithi mji uliokuwa umejengwa kutawala nchi mbili pamoja na kutazama ya tatu. Jina likawa Bujumbura. Mahali hapakubadilika.

Hadithi hiyo si ya Bujumbura peke yake. Tazameni mto Kongo. Hakuna mahali pengine katika Afrika ambapo miji mikuu miwili ya nchi mbili inatazamana kwa karibu kama Brazzaville na Kinshasa, ikitenganishwa na kilomita chache za maji. Mwaka 1880 Savorgnan de Brazza alipata mkataba na Makoko, mtawala wa Wateke, kwa niaba ya Ufaransa. Yeye akaenda zake, akamwacha kulinda mahali hapo Sajini Malamine Camara, Mwafrika wa Senegal, pamoja na askari wachache sana. Mwaka 1881 Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtumikia Leopold, alifika ukingo wa kaskazini. Sajini Malamine akamwonyesha bendera na karatasi ya mkataba, wala hakutetereka. Stanley akavuka kwenda ukingo wa kusini, na huko akaanzisha kituo alichokiita Léopoldville, ambacho tangu mwaka 1966 kinaitwa Kinshasa. Hivyo msimamo wa sajini mmoja uliamua ni upande gani wa mto bendera ipi ingepepea. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba alikuwa akilinda milki ya wageni. Lakini ni fundisho pia kwamba cheo kidogo hakimaanishi wajibu mdogo.

Kwa namna hiyohiyo ulizaliwa mji wa Bangui mwaka 1889, ukingoni mwa mto Ubangi, na Zongo ya Kongo ikiwa ng'ambo. Kwa namna hiyohiyo mwaka 1900 Wafaransa walijenga Fort-Lamy mbele ya Kousseri, kwa sababu ng'ambo ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa upande wa Wajerumani wa Kamerun. Mji huo tangu mwaka 1973 unaitwa N'Djamena. Lomé, mji mkuu wa Togo, ulikua kwa sababu ya biashara ya magendo: wafanyabiashara waliokimbia ushuru wa forodha wa Waingereza wa Gold Coast walijenga maghala yao hatua chache tu nje ya mpaka, na mwaka 1897 Wajerumani wakaufanya makao yao makuu. Hata leo mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka mitaa ya Lomé hadi Aflao nchini Ghana. Kilichotokea Bechuanaland kilikuwa cha ajabu zaidi: Waingereza waliitawala nchi hiyo kutoka Mafeking, mji uliokuwa nje kabisa ya nchi yenyewe, ndani ya Afrika Kusini. Ilipokaribia uhuru ndipo Gaborone ulipojengwa, nao ukajengwa kilomita chache kutoka mpaka huohuo.

Sababu ya yote hayo ni moja. Mkoloni aliufanya mto kuwa barabara, akajenga makao yake kando ya barabara. Kisha alipogawana nchi na mkoloni mwenzake, akaufanya mto uleule kuwa mpaka. Barabara na ukuta vikawa kitu kimoja. Mwezi Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, wakaamua kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima, kwa maana kuanza kuisogeza mipaka kungeliwasha moto usiozimika. Lakini maana yake ilikuwa pia kwamba serikali nyingi zilikubali kuishi na mlango wa jirani mbele ya sebule yao.

Ndugu wasikilizaji, athari za urithi huo zimeonekana kwa namna nne, na kila namna inamgusa askari.

Athari ya kwanza ni kwamba vita vya mji mkuu mmoja huwa vita vya nchi mbili. Mwaka 1997 Brazzaville ilipokuwa ikiwaka moto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mizinga ilivuka mto na kuua watu Kinshasa, raia ambao hawakuwa na habari na ugomvi ule. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Mei, Kinshasa ilipotwaliwa na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, askari wa Mobutu walikuwa wamekimbilia Brazzaville. Mwezi Februari 1979, tena mwaka 1980, tena mwezi Februari 2008, risasi zilipolia katika mitaa ya N'Djamena, maelfu kwa maelfu ya wananchi walivuka mto kwenda Kousseri wakiwa na watoto mgongoni. Nyumba mbili zenye ukuta mmoja, moja ikiungua, nyingine haiwezi kulala.

Athari ya pili ni kwamba adui mwenye nguvu hahitaji kuvamia nchi. Humtosha kuvuka barabara. Tarehe 9 Desemba 1982 majeshi ya makaburu wa Afrika Kusini yaliingia Maseru, mji mkuu wa Lesotho ulio ukingoni mwa mto Caledon, na kuua watu 42, wakimbizi wa Afrika Kusini na raia wa Lesotho. Tarehe 14 Juni 1985 makaburu haohao waliingia Gaborone usiku, wakaua watu 12, wakarudi kwao kabla ya mapambazuko. Ikumbukwe kwamba Botswana ilikuwa imeunda jeshi lake mwaka 1977 tu. Kabla ya hapo ulinzi wa mpaka wake wote ulikuwa juu ya polisi. Na mwezi Januari 1986 haikuhitajika hata risasi kuvuka mpaka wa Lesotho. Makaburu waliufunga mpaka, bidhaa zikaadimika, na kabla mwezi haujaisha serikali ya Leabua Jonathan ikapinduliwa na jeshi lake lenyewe.

Athari ya tatu ni kishawishi cha askari anayevuka. Mwezi Oktoba 2002 wapiganaji wa MLC, chama cha Jean-Pierre Bemba, walivuka mto Ubangi kutoka Zongo wakaingia Bangui kumwokoa Rais Ange-Félix Patassé. Waliitwa kuwa wasaidizi. Lakini wananchi wa Bangui waliwakumbuka kwa mauaji, kwa kunajisi wanawake na kwa uporaji, mpaka kesi ikafika katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Bemba alitiwa hatiani mwaka 2016 kama kamanda, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Majaji walibishana juu ya wajibu wa kamanda. Mateso ya watu wa Bangui hayakufutwa na ubishi huo. Patassé mwenyewe hakuokoka, kwani alipinduliwa mwezi Machi 2003. Tena tarehe 24 Machi 2013, waasi wa Séléka walipoutwaa mji, Rais François Bozizé, yule aliyempindua Patassé, aliikimbia nchi. 

Athari ya nne inawahusu polisi hasa. Mji mkuu ulio mpakani hujaa watu wa ng'ambo: wachuuzi, mafundi, wapagazi, wanafunzi, wake na waume waliooana kuvuka mto. Mwaka 2014 polisi wa Brazzaville walianza operesheni ya kuwasaka wahalifu, wakaiita kwa Kilingala "Mbata ya bakolo", yaani kofi la wakubwa. Wakavukishwa mto watu zaidi ya laki moja wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengine wakiwa na vibali halali, wengine wakiacha biashara na jamaa. Wahalifu wachache walisakwa, na umati wa majirani ukaumizwa. Polisi anayeshindwa kutofautisha mhalifu na mgeni huwa amefanya kazi ya mhalifu kuwa rahisi, kwa maana kesho hapati tena wa kumpa habari.

Sasa turudi Bujumbura. Magharibi ya mji huo, kwenye barabara iendayo Uvira, ipo Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Katika miaka ya vita vya Burundi, vilivyoanza mwaka 1993, mji mkuu ulikuwa ukisikia mizinga kutoka vilima vilivyo juu yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 watu wenye silaha waliingia katika kambi ya wakimbizi Gatumba, wakaua wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto wakiwamo. Kundi la FNL likajitangaza kwamba ndilo lililohusika. Vituo vya askari vilikuwa karibu, lakini wakimbizi hawakuokolewa. Watu wale walikuwa wamevuka mpaka wakiamini kwamba karibu na makao makuu ya serikali ndipo penye usalama. Hakuna maneno ya kuwafariji waliobaki, ila askari anaweza kujifunza jambo moja: uzito wa lindo haupimwi kwa idadi ya bunduki zilizopo, hupimwa kwa muda unaopita kati ya kilio cha kwanza na hatua ya kwanza.

Nchi kadhaa zimeona dawa ni kuhama. Tanzania iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, katikati ya nchi. Nigeria ilihamia Abuja mwaka 1991. Burundi nayo ilitunga sheria mwanzoni mwa mwaka 2019 kuifanya Gitega kuwa mji mkuu wa siasa, na Bujumbura ikabaki kuwa mji mkuu wa uchumi. Hivyo baada ya miaka zaidi ya 100 ofisi zilitakiwa kupanda tena mlima uleule zilioupanda mwaka 1912. Zipo faida: serikali hukaribia wananchi wa mikoa yote, na adui hulazimika kwenda mbali. Lakini benki, bandari, maghala na mamia ya maelfu ya wakazi havihami kwa sheria ya Bunge. Makao ya Rais yakiondoka ukingoni, ukingo haupungui watu. Nao wanahitaji ulinzi uleule, pengine zaidi, kwa kuwa macho ya wakubwa yamegeukia kwingine.

Jambo hilo linaonekana wazi Bweyeye. Msitu wa Nyungwe wa Rwanda na msitu wa Kibira wa Burundi ni msitu mmoja wenye majina mawili, na mtu mwenye nia mbaya haoni mahali jina linapobadilika. Jeshi la Rwanda lilitangaza kwamba usiku wa tarehe 23 Mei 2021 wapiganaji wa kundi la FLN walivuka kutoka upande wa Burundi, wakashambulia katika kata ya Bweyeye, wakarudishwa nyuma hadi ng'ambo ya mto Ruhwa. Wakati huo uhusiano wa nchi hizo mbili ulikuwa umeharibika tangu mwaka 2015, na kila upande ulikuwa ukiushutumu upande wa pili kwa kuwaficha waasi. Ingelikuwa rahisi kwa shambulio lile kuwasha moto mkubwa zaidi.

Lakini mwaka huohuo yalitokea mambo yanayostahili kufundishwa katika vyuo vya kijeshi. Tarehe 1 Julai 2021 Waziri Mkuu wa Rwanda alihudhuria sherehe za uhuru mjini Bujumbura. Tarehe 30 Julai 2021 Rwanda iliikabidhi Burundi wapiganaji 19 wa kundi la RED-Tabara waliokamatwa katika ardhi yake, katika kituo cha mpakani cha Nemba. Mwezi Oktoba 2021 Burundi nayo ikaikabidhi Rwanda watu 11 waliotuhumiwa kuwa wa FLN. Makabidhiano hayo yalifanyika mbele ya maofisa wa ukaguzi wa pamoja wa Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu. Askari wa pande mbili walisimama, wakasoma majina, wakatia saini, wakapigiana saluti. Hakuna mzinga ulioweza kufanya kazi iliyofanywa na karatasi ile.

Hata hivyo amani ya mpakani ni kama shamba: mwaka usiolimwa, magugu hurudi. Tarehe 22 Desemba 2023 RED-Tabara walishambulia Vugizo, karibu na Gatumba, na serikali ya Burundi ikatangaza kwamba watu 20 waliuawa. Burundi ikaituhumu Rwanda kwa kuwasaidia washambuliaji, Rwanda ikakana, na mwezi Januari 2024 Burundi ikaifunga mipaka yake na Rwanda. Tazameni hesabu hiyo. Risasi zililia kwenye mpaka wa Kongo, kando ya Bujumbura. Aliyezuiwa kuvuka kwenda sokoni au kumzika mjomba wake ni mkulima wa upande wa Bweyeye na mwenzake wa Mabayi, ambao hawakuisikia hata risasi moja. Hiyo ndiyo bei ya mji mkubwa kuwa mpakani: hofu ya mji hulipwa na vijiji.

Na wala isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani kutengenezwa. Vienna na Bratislava, miji mikuu miwili ya Ulaya, iko karibu kilomita 60 tu. Kwa miaka 40 katikati yake palikuwa na seng'enge, minara na mbwa wa doria. Mwaka 1989 seng'enge zile zilianza kuondolewa, na leo wafanyakazi huenda na kurudi kila siku. Vientiane, mji mkuu wa Laos, unatazamana na Thailand kwa mto Mekong. Mwaka 1994 likafunguliwa daraja, likaitwa Daraja la Urafiki. Mito ile ni ileile. Kilichobadilika ni mapatano ya watu na mwenendo wa walinzi wao.

Ndugu askari, historia hii inaacha mambo matatu mikononi mwenu. Kwanza, anayelinda mpaka aujue mpaka: mito yake, njia zake, siku zake za soko, na majina ya wazee wa pande mbili. Sajini aijuaye njia ya wachuuzi humtambua upesi asiye mchuuzi. Pili, kila aliyekamatwa ahesabiwe, aandikwe, akabidhiwe kwa sheria. Maana mfungwa aliyetunzwa hufungua mazungumzo, na mfungwa aliyeuawa huyafunga. Tatu, mwananchi wa ng'ambo asichukuliwe kuwa adui kwa sababu ya ng'ambo yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mpaka, ufa wa kwanza ni tusi, ni kofi, ni rushwa ya noti moja anayotozwa mama mwenye kikapu. Kupitia ufa huo ndimo mwenye bunduki hupata pa kupitia, kwa kuwa aliyedhulumiwa hatatoa habari zake.

Serikali zinaweza kuhamisha miji mikuu. Zimefanya hivyo mwaka 1912, zimefanya hivyo mwaka 2019, na huenda zitafanya tena. Ikulu ina magari, ina makarani, ina bajeti ya kuhama. Bweyeye haihami. Itabaki pale kati ya msitu na mto, na watu wake wataendelea kuamka asubuhi wakiiona nchi ya pili kabla ya kuiona ofisi ya serikali yao wenyewe. Kwao, serikali ni yule askari aliye kivukoni. Akiwa mwadilifu, nchi ni adilifu. Akiwa macho, wananchi hulala.